Matlai: Mwanga wa Macheo, Upepo na Ilhamu katika Ushairi wa Kiswahili

1. Utangulizi

Miongoni mwa taswira ambazo msomaji wa ushairi wa Kiswahili huzipita kwa haraka ni zile za macheo na upepo. Mwanafunzi anapokutana na neno alfajiri katika shairi huandika pembeni mwa ukurasa: matumaini. Anapokutana na upepo huandika: mabadiliko, na iwapo shairi ni la mapenzi, huandika: mjumbe. Baada ya hapo huendelea na safari yake ya kuisaka dhamira mahali pengine, kana kwamba mwanga na upepo vimekwisha kulipa ushuru wao na kuruhusiwa kupita. Wahakiki waliobobea nao hawajaepukana kabisa na mazoea haya. Mara nyingi taswira hizo huwekwa chini ya kichwa cha mandhari, na mandhari yenyewe huhesabiwa kuwa pambo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mazoea hayo yanatupotezea jambo la msingi. Tunachodai ni kwamba katika mapokeo ya Kiswahili mwanga wa macheo na upepo wa asubuhi haviji kwa mshairi kama zawadi ya kumsisimua, bali kama jambo linalomdai upambanuzi. Utulivu wa saa hiyo si starehe. Ni kazi: kazi ya kutofautisha mwanga wa kweli na ule wa uongo, na upepo wa safari na ule wa kuvunja chombo. Ilhamu, kwa maana hii, ni tunda la kukesha na kungoja.

Suala hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika mgogoro wa ushairi uliopamba moto tangu miaka ya 1970, hoja moja iliyosikika mara kwa mara madarasani ni kwamba ushairi wa vina na mizani ni wa hadhara, wa mafumbo na malumbano, na kwamba sauti ya ndani, ile ya mtu aliye peke yake na fikra zake, ililetwa na mashairi huru. Ikiwa hoja hiyo ni sahihi, basi karne kadhaa za utunzi wetu hazina utulivu wa nafsi. Sisi hatuioni hivyo, na tunadhani macheo na upepo ni mahali pazuri pa kuipimia hoja hiyo.

2. Upepo wa Walimbwende

Yafaa kwanza tueleze mazoea tuliyoyataja yametoka wapi. Sehemu yake imetokana na ulimbwende wa Kiingereza, ambao kwa muda mrefu umekuwa na kiti cha mbele katika idara za fasihi za vyuo vikuu vyetu. Coleridge alitunga "The Eolian Harp" mwaka 1795, na ndani yake kinubi kilichowekwa dirishani hupigwa na upepo bila mkono wa mtu. Shelley, katika utenzi wake wa mwaka 1819 kwa upepo wa magharibi, anauomba upepo umfanye yeye mwenyewe kuwa kinubi chake. Wordsworth naye anaifungua The Prelude, iliyochapishwa mwaka 1850, kwa upepo mwanana unaomgusa shavuni anapotoka mjini. Mwaka 1957 M. H. Abrams aliandika makala mashuhuri akionyesha jinsi upepo wa nje na pumzi ya mshairi ndani yake vilivyoitikiana katika mashairi ya kizazi hicho.

Hatuna ugomvi na mashairi hayo. Tunalotaka kutaja ni dhana iliyomo: kwamba mshairi ni chombo, kwamba upepo humjia na kumpiga, na kwamba sauti inayotoka ni ya wote wawili. Hata neno lenyewe la Kiingereza la ilhamu limetokana na Kilatini chenye maana ya kupulizia ndani. Kwa Mwingereza, basi, upepo na ilhamu vilikuwa ndugu katika lugha kabla havijawa ndugu katika ushairi.

Jiografia nayo ina neno lake. Katika nchi ya maziwa ya kaskazini mwa Uingereza alikoishi Wordsworth, saa ya kuchomoza kwa jua hubadilika kwa zaidi ya saa 4 kati ya kiangazi na kipupwe. Macheo ya huko ni tukio. Huja mapema kupita kiasi au huchelewa hadi mtu akayatamani. Mombasa, iliyo digrii 4 tu kusini mwa ikweta, saa ya macheo hubadilika kwa zaidi kidogo ya nusu saa mwaka mzima, na muda kati ya giza na jua ni mfupi. Ndiyo maana Mswahili ameweza kuhesabu saa zake kuanzia hapo: saa moja ya asubuhi ni saa moja tangu kuche. Macheo kwetu ni miadi. Na mtu haendi kwenye miadi kushangaa. Huenda akiwa tayari. Mhakiki anayeyasoma macheo ya pwani yetu kwa jicho la Cumberland huwa ametafsiri kabla ya kusoma.

3. Maneno na Yanayobebwa na Maneno

Tugeukie sasa msamiati wetu. Neno ilhamu limetoka katika Kiarabu, na asili yake haihusiani na upepo hata kidogo. Mzizi wake una maana ya kumeza. Kumpa mtu ilhamu ni kumfanya ameze, yaani kumwingizia jambo moyoni likatulia humo. Wanazuoni hulitenga na wahyi, ambao ni wa mitume peke yao. Katika Kurani mzizi huu umetumika mara moja tu, nayo ni katika Sura ya Jua, ambayo ni sura ya 91. Sura hiyo hufunguliwa kwa kiapo cha jua na mwanga wake wa asubuhi, kisha mwezi, mchana na usiku. Na inapofika aya ya 8 husema juu ya nafsi kutiwa ilhamu ya kuujua uovu wake na uchaji wake. Msomaji wa pwani aliyepita chuoni ameihifadhi sura hiyo tangu utotoni. Kwake, mwanga wa asubuhi na ilhamu vimekaa katika sura moja, lakini kiungo chao si msisimko. Kiungo chao ni uwezo wa kutofautisha.

Upande wa upepo, Kiswahili kina ukoo mpana wa maneno: upepo na wingi wake pepo, kupepea, kupepeta, kupepesuka. Tuchague moja, kupepeta. Anayepepeta huutumia upepo kutenga punje na makapi. Upepo wenyewe hauchagui, ungo na mkono ndivyo vichaguavyo. Hapa tena tunakuta wazo lile lile: upepo ni nyenzo ya upambanuzi mikononi mwa mtu anayejua kazi yake. Ni kweli kwamba pepo kwa maana ya jinni humpanda mtu na kumsemesha, na huko kuna hali inayokaribia kinubi cha Coleridge. Lakini aliyepandwa na pepo haitwi malenga. Huitwa mgonjwa, na hutafutiwa mganga.

Neno linalotufaa zaidi, hata tukalifanya kichwa cha makala haya, ni matlai. Mabaharia hulitumia kwa upepo wa asubuhi utokao mashariki. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mahali pa kuchomozea, yaani pale jua linapotokea. Kwa hiyo katika neno moja tuna macheo na upepo pamoja. Zaidi ya hayo, katika elimu ya ushairi ya Waarabu na Waajemi neno hilo hilo ni istilahi: matlai ya kasida au ya ghazali ni beti yake ya ufunguzi. Hatudai kwamba nahodha wa Lamu anapotaja matlai huwa na kasida akilini. Tunachosema ni kwamba lugha imeviweka pamoja vitu vitatu, yaani jua linalotoka, upepo unaoanza na shairi linalofunguliwa, na kwamba mhakiki wa Kiswahili ana haki ya kuanzia hapo badala ya kuanzia kwenye kinubi cha dirishani.

4. Alfajiri Mbili

Jambo ambalo uhakiki wetu umelitumia kwa uchache mno ni kwamba jamii ya Waswahili haina alfajiri moja. Inazo mbili. Ya kwanza ni alfajiri ya uongo: mwanga mwembamba unaosimama wima mashariki, ambao Waarabu waliufananisha na mkia wa mbwa mwitu, kisha ukafifia na giza likarudi. Wanajimu wa leo hueleza kwamba ni mwanga wa jua unaoakisiwa na vumbi lililotanda angani kati ya sayari, na huonekana vizuri zaidi katika nchi za joto kama zetu. Ya pili ni alfajiri ya kweli: weupe unaotanda kwa upana juu ya upeo wa macho na usiorudi nyuma. Sala ya asubuhi husihi kwa hiyo ya pili tu, na saumu huanzia hapo. Aliyeamka mapema akaona mwanga hawezi kusema tu kwamba kumekucha. Lazima atazame, angoje, na aamue.

Inafaa kukumbuka kwamba taswira hii iliwahi kufanya safari ndefu na kurudi nyumbani. Edward FitzGerald alipoitoa tafsiri yake ya rubai za Omar Khayyam mwaka 1859, aliifungua kwa macheo yanayozifukuza nyota, na katika beti ya pili akaigusa alfajiri ya uongo. Alijua kwamba msomaji wake wa Kiingereza hangelielewa jambo hilo, akalazimika kuweka maelezo. Mwaka 1952 Shaaban Robert alichapisha Omar Khayyam kwa Kiswahili, akiitegemea tafsiri hiyo ya Kiingereza. Jambo lililohitaji maelezo London halikuhitaji maelezo Tanga. Msomaji wa Shaaban Robert alilijua kutoka kwenye ua wa msikiti, na huenda alikuwa amelishuhudia asubuhi ile ile.

Tukiwa na alfajiri mbili mkononi, lile neno matumaini lililoandikwa pembeni mwa ukurasa halitoshi tena. Kila shairi linalotaja macheo linatulazimu kuuliza: haya ni macheo ya aina gani, na mshairi amejuaje? Swali hilo lina historia yake ya kisiasa. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963, mapambazuko yalikuwa mojawapo ya taswira zilizotumiwa sana katika nyimbo na hotuba. Haikuchukua muda mrefu kabla ya waandishi kuanza kuuutazama mwanga ule kwa jicho la mtu anayengoja kuona kama utatanda au utafifia. Said Ahmed Mohamed aliipa riwaya yake ya mwaka 1988 jina la Kiza katika Nuru, na jina hilo peke yake ni hoja ya mtu aliyekataa kuita kila mwanga asubuhi.

5. Upepo kama Majira, na Tatizo la Shwari

Upepo nao una elimu yake. Kaskazi huvuma takriban kutoka Desemba hadi Machi, na ndio uliovileta vyombo kutoka Ghuba na Bara Hindi. Kusi hufuata kuanzia Aprili na kuendelea hadi karibu Septemba, na ndio uliovirudisha. Ndani ya majira hayo makubwa kuna pumzi ndogo ya kila siku. Usiku bara hupoa upesi kuliko bahari, na hewa huteremka kuelekea majini; huo ndio umande kwa maana ya mabaharia, upepo wa asubuhi utokao bara. Jua likipanda bara huota moto na mkondo hugeuka, ukavuma kutoka baharini. Mvuvi huondoka na wa kwanza na kurudi na wa pili. Kati ya hizo mbili, kwa muda mfupi mara tu baada ya kucha, kuna kipindi ambacho hakuna upepo wa upande wowote. Hiyo ndiyo shwari.

Katika mazungumzo ya leo shwari ni neno la faraja; anayeulizwa hali hujibu kwamba mambo ni shwari. Kwa baharia, hata hivyo, shwari ni chombo kisichokwenda. Maji yanapendeza, tanga limelala, na safari imesimama. Tunadhani hapa ndipo ilipo tofauti kati ya utulivu unaozaa shairi na utulivu usiozaa. Mshairi anayekaa ufukweni alfajiri akafurahia ukimya wake na kuuita ilhamu huenda yuko katika shwari tu. Utulivu wenye tija ni ule wa nahodha katika kipindi hicho hicho: ametulia, lakini anatazama rangi ya maji, anasikiliza, na kamba iko tayari mkononi. Methali yetu inasema kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Upepo huvuma kwa wote, lakini si kila chombo kinaweza kuukabili; lazima kiwe kimeundwa na kufungwa vyema.

Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), mshairi wa Lamu, aliliona jambo hili waziwazi. Utenzi wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, unaieleza jahazi ya Lamu tangu kuundwa kwake hadi kusafiri kwake, na unaitaja mbao kwa mbao na kamba kwa kamba. Msomaji aliyezoea ulimbwende anaweza kuchoshwa na orodha hizo, akauliza shairi lenyewe linaanza lini. Lakini hilo ndilo shairi. Kwa Nabhany upepo hauwezi kuwa na maana kabla ya chombo kukamilika, na kukitaja chombo sehemu kwa sehemu ni namna ya kukesha. Umbuji wake umo katika uangalifu.

Mtazamo huo unaifafanua pia desturi kongwe ya ufunguzi wa tenzi. Baada ya kumtaja Mungu, mtunzi wa utenzi huomba karatasi, wino na kalamu. Mwana Kupona, katika utenzi wake wa mwaka 1858, anamwita binti yake aje karibu na wino na karatasi, kwa kuwa ana neno moyoni. Mama yule alikuwa mgonjwa, na chumba kilikuwa kimya. Hakuna upepo unaoombwa kumpuliza, wala macheo yanayomwamsha. Kuna neno lililokwisha mezwa, kwa maana ile ya asili ya ilhamu, na kuna vifaa vya kulitolea. Msomaji akiuliza iko wapi sauti ya ndani katika mapokeo, jibu mojawapo ni hapo.

6. Taa katika Upepo

Huenda ikadaiwa kwamba mifano hii ni ya waadilifu na mafundi, na kwamba mtu mpweke mbele ya nafsi yake bado hajaonekana. Tuiangalie basi Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa ile ya 19. Utenzi huu hausemi na hadhira. Mshairi anasema na moyo wake. Anaulizia moyo huo kwa nini hauzinduki, kisha anaupitisha katika magofu ya Pate.

Mpangilio wa mwanga ndani ya utenzi huu unastahili kutazamwa kwa makini. Matajiri wa Pate walikuwa na taa za kioo na za shaba zilizougeuza usiku kuwa mchana. Huo ni mwanga wa kununuliwa, na kwa lugha tuliyoitumia hapo juu ni alfajiri ya uongo iliyotengenezwa na watu. Dunia yenyewe inafananishwa na mangati, yale mazigazi ya jua kali ambayo mwenye kiu huyadhani kuwa maji. Hapo tena mwanga unadanganya. Na uhai unafananishwa na taa iliyo katika upepo, isiyo na kinga. Hapa upepo haumpulizii mshairi chochote, unazima.

Kwa mtazamo wa juu juu Al-Inkishafi ni kinyume cha dai letu, kwa sababu mwanga na upepo ndani yake ni maadui. Lakini tukumbuke maana ya jina lake: ni kufunuka, kufichuliwa. Kazi yote ya utenzi ni kuutoa moyo kutoka katika mianga ya uongo, mmoja baada ya mwingine, mpaka uweze kuona. Upepo unaoizima taa ndio unaomsaidia mshairi kujua kwamba ile ilikuwa taa na si asubuhi. Mtu anayesema na moyo wake katika magofu, akizihesabu nuru zilizozimika, hawezi kuambiwa kwamba hana sauti ya ndani kwa sababu tu beti zake zina vina.

7. Mahali Pasipo na Macheo

Kipimo kigumu zaidi cha dai letu ni gereza, kwa kuwa huko mwanga na upepo havipatikani kwa kutaka. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijarida alichokiandika mwaka 1968 chenye kichwa Kenya: Twendapi? Alikaa gerezani hadi mwaka 1972, kwa sehemu kubwa katika upweke, na mashairi aliyoyaandika humo juu ya karatasi za msalani yakatoka kama Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Diwani hiyo ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974.

Ingekuwa ilhamu ni kupigwa na upepo, tungetarajia mfungwa atunge juu ya macheo aliyonyimwa. Anayeisoma Sauti ya Dhiki atakutana zaidi na hoja. Katika "Mnazi: Vuta N'kuvute" ndugu wawili wanagombania mti, katika "Jipu" maumivu ya mwili yanakuwa lugha ya maumivu mengine, katika "Telezi" mvua na utelezi wake vinakuwa funzo juu ya mwendo wa mtu na mahali pa kuukanyagisha mguu. Hali ya hewa imo, lakini imo kwa namna ile ya nahodha: ni kitu cha kusomwa na kujibiwa. Na kijarida kilichomfungisha, ukikitazama, kilikuwa swali la mtu aliyeamka alfajiri. Miaka mitano baada ya uhuru aliuliza kama weupe ule ulikuwa unatanda au unafifia. Gharama ya upambanuzi huo ilikuwa miaka mitatu. Tunaposema kwamba macheo yanamdai mshairi kitu, hatusemi kwa sitiari peke yake.

Alamin Mazrui naye aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani mwaka 1982 hadi 1983, na mwaka 1988 akachapisha Chembe cha Moyo, diwani isiyojifunga na arudhi. Washairi hawa wawili ni wa Mombasa, wote wamepita katika chumba cha chuma, na wamechagua njia tofauti za utunzi. Kama arudhi ndiyo inayoamua kuwapo au kutokuwapo kwa sauti ya ndani, diwani ya kwanza ingekuwa ya hadhara na ya pili ya nafsi. Sivyo zilivyo. Zote mbili ni za mtu aliye peke yake anayesema mambo ya umma. Vina na mizani vilimpa Abdalla kamba ya kujishikilia katika giza, kwa kuwa shairi lenye hesabu hukaa kichwani hata karatasi ikikosekana. Wepesi wa mshororo huru ulimpa Mazrui namna ya kuandika pumzi iliyokatika. Vyombo ni viwili, na kukesha ni kumoja.

8. Mashairi Huru na Upepo wa Wakati

Hatutaki kueleweka kana kwamba tunawapunguzia washairi huru haki yao. Amri Abedi aliziweka sheria za utunzi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Mulokozi na Kahigi wakazipinga mwaka 1979 katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Ibrahim Noor Shariff akayatetea mapokeo kwa Tungo Zetu mwaka 1988. Mjadala huo ulikuwa na faida, na Kichomi cha Euphrase Kezilahabi cha mwaka 1974 kiliufungulia Kiswahili mlango ambao hautafungwa tena. Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, aliukuta upepo mwingine na maji mengine, na Ziwa Viktoria halina kaskazi wala kusi kwa maana ya Lamu. Hata hivyo, mojawapo ya mashairi ya Kichomi linaitwa "Upepo wa Wakati", na kichwa hicho hakimfungi upepo na hisia za mshairi. Kinaufunga na majira. Mwanamapinduzi wa umbo alirudi, kwa njia yake, kwenye elimu ya zamani: upepo ni wakati, na wakati husomwa.

Tunaloliona kuwa hatari si mashairi huru, bali mazoea yaliyokuja nyuma yake katika baadhi ya tungo za vijana zinazoletwa katika mashindano na magazeti. Mshairi hujitangaza kuwa ameketi ufukweni, jua linachomoza, upepo unampapasa, na moyo wake umejaa. Shairi huishia hapo, katika shwari. Hakuna kilichopambanuliwa. Tungo kama hizo hazina kosa la kukosa vina. Kosa lake ni kuuamini mwanga wa kwanza uliotokea.

Mpinzani anaweza kutuuliza kama hatumnyimi mshairi furaha ya kawaida, kwani jua na upepo wa asubuhi vinapendeza, na si kila shairi lazima libebe mzigo wa kuhukumu. Swali hili ni la haki. Furaha ipo, na nyimbo za mapenzi za pwani zinazoutuma upepo kupeleka salamu ni ushahidi wake. Lakini hata humo anayeutuma upepo huchagua upepo uendao upande wa mpenzi wake. Furaha ya macheo haiharibiwi na upambanuzi, huthibitishwa nao. Anayejua kwamba kuna alfajiri ya uongo ndiye anayeifurahia ya kweli kwa moyo mkunjufu.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba msamiati wa Kiswahili wenyewe, kuanzia ilhamu hadi matlai, kuanzia shwari hadi kupepeta, unabeba nadharia ya utunzi isiyotegemea kinubi cha walimbwende. Ndani ya nadharia hiyo mwanga wa macheo ni swali, upepo ni majira, na utulivu ni utayari. Tumeona pia kwamba sauti ya ndani haikusubiri mashairi huru ili izaliwe. Ilikuwako katika chumba cha Mwana Kupona na katika magofu ya Pate, na ilikuwako gerezani, ikihesabu mizani.

Kwa walimu wa fasihi matokeo ya hoja hii ni ya vitendo. Neno matumaini lisikubaliwe tena kuwa jibu kamili katika karatasi ya mtihani pale shairi linapotaja alfajiri. Mtahiniwa aulizwe mwanga huo unatanda au unafifia, na ni maneno gani ya shairi yanayomjulisha. Asiulizwe tu upepo unaashiria nini. Aulizwe unatoka wapi, ni wa majira gani, na chombo kilichomo shairini kimeundwa namna gani kuupokea. Methali husema kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Lakini ili mtu aione ni lazima awe amekwisha kuamka, na aijue nyota hiyo kati ya nyingine.